Matokeo mabaya vyuoni: tuuzungumze na ufundi wa wanaosomesha (Unguja na Pemba)

#1 skuli_ya_shamba (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wana jukwaa.

Matokeo ya muhula yakitoka, lawama hufuata njia ile ile. Wazazi wanasema vijana wamezama kwenye simu. Wahadhiri wanasema wanaletewa watoto ambao Form Six hawakuiva. Vijana nao wanasema kozi ngumu. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza suali ambalo sisi wa sekondari tunaulizwa kila mkaguzi akiingia darasani: huyu anayesomesha, anasomesha vipi?

Mimi nasomesha hesabu sekondari, huku shamba Unguja. Kabla sijapewa darasa nilipitishwa kwenye saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, maandalio ya somo, kisha mazoezi ya kufundisha na mkaguzi amekaa benchi la nyuma na fomu yake mkononi. Yote hayo ili niaminiwe watoto wa Form One. Sasa someni matangazo ya kazi ya kusomesha chuo kikuu Tanzania. Kwa TA (mkufunzi msaidizi, ngazi ya kwanza ya kusomesha chuo) mara nyingi wanataka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza. Kwa mhadhiri msaidizi wanaongeza 4.0 ya shahada ya pili. Alama hizo zinathibitisha kwamba huyu alikuwa mwanafunzi hodari, na hilo ni jambo kubwa, silidharau. Lakini uhodari wa kuelewa wewe na uhodari wa kumfanya mwenzio aelewe ni mambo mawili, na hili la pili ni nadra kupimwa mtu anapoajiriwa. Chuo kikijitahidi, kinampa semina ya siku chache akishaanza kazi.

Na hapa kwetu kuna jambo jengine. Vyuo vyetu ni vichanga. Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu na kile cha elimu cha Chukwani, ambacho leo ni Al-Sumait, vyote vilianza 1998. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imeundwa kwa sheria ya 1999, ikaanza kusomesha 2001. Wengi wanaosimama mbele ya madarasa hayo leo ni waliokaa kwenye viti vya madarasa hayo hayo juzi. Mtu asiyefunzwa kusomesha husomesha namna alivyosomeshwa. Kama alisomewa slaidi, naye atasoma slaidi.

Nataka nieleze kipindi kimoja nilichohudhuria nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, kwa sababu bila mfano tutabishana hewani.

Ilikuwa kozi ya uchumi, mada ni mwitikio wa ugavi bei ikibadilika. Mhadhiri aliingia, akaandika suali ubaoni kabla hajasalimia vizuri: "ZSTC (shirika la serikali linalonunua karafuu) ikipandisha bei ya karafuu kesho asubuhi, msimu huu karafuu zitakazofika vituoni zitaongezeka sana, kidogo, au hazitaongezeka?" Akatupa dakika moja kimya, kila mtu aandike jibu lake. Akahesabu mikono. Wengi walisema sana. Hakusema nani kapata nani kakosa. Akatuambia kila mtu amgeukie jirani yake amshawishi.

Darasa likawaka. Wapemba wakasema mkarafuu unachukua miaka kabla haujazaa, bei ya kesho haiwezi kuongeza mti leo. Mwengine akajibu kwamba karafuu za kuongezeka zipo tayari: zile zinazoachwa kwenye matawi ya juu kwa sababu malipo ya mchumaji hayalingani na hatari ya kupanda, na zile zinazovuka usiku kwa magendo kwenda Kenya. Tukapiga kura tena, safari hii wengi wakahamia "kidogo". Hapo ndipo akachora mchoro wa ugavi wa muda mfupi na wa muda mrefu. Mchoro ulipokuja, ulikuta kichwani mna pa kukaa.

Kwenye mtihani hakuuliza karafuu. Aliuliza mwani. Aliyekariri karafuu alikwama. Aliyeelewa alijua kuwa mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi tangu kufungwa kwenye kamba, kwa hiyo mkulima wa Paje au Jambiani anaweza kuifuata bei haraka kuliko mkulima wa karafuu. Darasa lile lilifanya vizuri, na nathubutu kusema wengi wetu mada ile tunaikumbuka mpaka leo.

Muhula huo huo tulikuwa na kozi nyengine. Taa zinazimwa, projekta inawashwa, slaidi zinasomwa neno kwa neno, kipindi kinakwisha, madesa (muhtasari wa masomo) yapo stesheneri tukatoe kopi. Test tulifanya mbili na hatukurejeshewa hata moja kabla ya mtihani wa mwisho. Mtu uliingia kwenye UE, mtihani wa mwisho wa chuo, hujui ulikosea wapi. Sapu (mitihani ya kurudia kwa waliofeli) zilikuwa nyingi, na maelezo tuliyopewa ni kwamba hatusomi.

Wanafunzi ni wale wale, viti ni vile vile, Form Six yetu ni ile ile. Naomba tujadili.

#2 msuli_usiku

Maalim, kwa heshima zote, chuo si skuli. Mimi niko mwaka wa pili, na naona wenzangu wanataka wafanyiwe kila kitu. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inahesabu krediti 1 kuwa ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Ukijumlisha mihadhara na semina za muhula mzima hupati nusu yake. Zilizobaki ni zako wewe na daftari lako. Sasa mtu asiyefungua kitabu mpaka wiki ya mtihani, mhadhiri amfanye nini? Kuna mhadhiri wetu anasoma slaidi kama ulivyosema, na bado wapo wanaotoka na A.

#3 skuli_ya_shamba

Ahsante kijana, hesabu yako ya saa ni sahihi, na hapo hapo ndipo pa kuzungumzia. Saa zile za nje ya darasa, nani anazielekeza? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiambiwa "kasomeni sura ya tatu" na asipewe suali la kutafuta humo, atasoma mistari, atapigia rangi, na atalala akiamini ameelewa. Mhadhiri mwenye ufundi anampa kazi ambayo haifanyiki bila kuelewa, kisha anaianza mihadhara yake kutoka kwenye kazi ile. Saa zako 100 zinakuwa na maana kwa sababu kuna mtu amezipangia.

Hao wanaotoka na A kwa mwalimu yeyote wapo kila darasa na wataendelea kuwapo. Wao si kipimo cha ufundi. Tazama wa katikati na wa chini.

Hili limepimwa vizuri. Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walikusanya tafiti 225 za kozi za sayansi, hesabu na uhandisi, wakalinganisha madarasa ya mhadhara mtupu na madarasa ambayo wanafunzi wanapewa masuali, wanajadiliana, wanatatua kitu ndani ya kipindi. Kwenye mhadhara mtupu waliofeli walikuwa wastani wa 33.8%. Kwenye yale mengine 21.8%. Chukua darasa la watu 200, ukubwa wa kawaida tu kwa kozi za pamoja za mwaka wa kwanza: tofauti hiyo ni watu 24. Watu 24 wa darasa moja, muhula mmoja. Tafiti zenyewe nyingi ni za Marekani na si lazima namba itoke hivyo hivyo Tunguu, lakini sioni sababu ya akili ya mtoto wa Makunduchi kufuata kanuni nyengine.

Na wenye wasiwasi kwamba hii ni kipaji, watazame jaribio la Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, lililochapishwa 2011. Darasa moja la fizikia lilipewa mwalimu mzoefu, anayesifiwa na wanafunzi, akahadhiri kama kawaida yake. Darasa la pili likapewa walimu wachanga ambao hawana uzoefu ila wamefunzwa mbinu hizi. Baada ya wiki moja ya mada ile ile, mtihani ule ule: darasa la mzoefu wastani 41%, la wachanga 74%. Kwa hiyo ufundi huu unafundishika. Ndiyo maana nauliza kwa nini hatuufundishi.

#4 bandari_mkoani

Mimi ni mzazi, Pemba. Nashukuru mada hii imeletwa, kwani sisi tunaiona kwa upande wa mfuko.

Mwanangu akipata sapu, mtihani wake unapangwa wakati wenzake wako likizo. Ama abaki Unguja alipe chumba na chakula miezi yote ile, ama arudi nyumbani kisha apande boti tena kutoka Mkoani kwenda Malindi ya Unguja kwa ajili ya karatasi moja ya saa 3. Sapu mbili ni pesa ya msimu wa karafuu wa watu wengine. Na akishindwa huko akabeba kozi, mkopo haumsubiri. Kwa hiyo mhadhiri anayeona ni kawaida darasa zima kwenda sapu, ajue anagusa nyumba za watu.

Pamoja na hayo nataka tuwe waadilifu. Wetu hawa wanakwenda na upungufu wao. Wamesoma sayansi kwenye skuli ambazo maabara ni chumba chenye meza. Kiingereza wamekisoma kwa kukariri, kisha chuoni kila kitu ni Kiingereza: slaidi, kitabu, mtihani. Akikaa kimya darasani si kwamba hana hoja. Anaogopa sentensi yake itamkatikia njiani wenziwe wakacheka.

Suali langu kwa maalim: unapomlaumu mhadhiri, haya yote unayaweka wapi?

#5 skuli_ya_shamba

Ndugu yangu, nayaweka mbele kabisa. John Hattie, aliyetumia miaka mingi kukusanya tafiti za elimu, alikadiria 2003 kwamba katika skuli, tofauti za ufaulu takriban nusu yake inatokana na mwanafunzi mwenyewe na alichokuja nacho, na takriban 30% inatokana na mwalimu. Hiyo ni skuli, na ni makadirio. Ila hata ukiipunguza 30% hiyo ukiipeleka chuoni, bado ndiyo sehemu kubwa ambayo chuo kina mamlaka nayo. Form Six ya mtu imeshapita. Nyumba aliyotoka huwezi kuibadilisha. Namna anavyosomeshwa Jumatatu inayokuja unaweza.

#6 chaki_nyeupe

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi ni TA, chuo sikitaji. Naomba niseme upande wetu na msinielewe kuwa natetea uvivu.

Muhula huu nina semina za makundi kadhaa na kozi mbili ambazo mwenye kozi yuko masomoni, kwa hiyo mihadhara pia ni yangu. Test moja ya masuali manne kwa darasa la watu mia na kitu ni rundo la karatasi linalojaza meza. Nasahihisha usiku nyumbani. Nikimaliza, alama zinatakiwa kwenye mfumo, na tarehe ya mfumo ikifika hakuna anayeniuliza kama nimewarejeshea wanafunzi karatasi zao. Ananiuliza tu kama nimepandisha alama. Ninachoulizwa ndicho ninachokifanya kwanza.

Pili, kupanda cheo. Kinachokupandisha kwa kiasi kikubwa ni machapisho. Mwenzangu anayeandaa vipindi vizuri, anayekaa na wanafunzi mpaka Alasiri, na mwenzangu anayeingia darasani anatoka, wakifika mbele ya kamati anatazamwa nani ana makala mangapi. Watu wanadhani mtafiti mzuri lazima atakuwa mwalimu mzuri. Nilikwenda kulitafuta hili. Huyo huyo Hattie na mwenzake Herbert Marsh walikusanya tafiti 58 mwaka 1996 kuangalia uhusiano wa utafiti na ubora wa kusomesha. Walichopata ni 0.06, yaani karibu na sifuri. Utafiti haumharibu mwalimu, wala haumtengenezi. Basi kama chuo kinataka walimu, kiwalipe kwa ualimu pia.

Tatu, hakuna aliyewahi kuja kukaa nyuma ya darasa langu. Hata siku moja. Nyinyi wa sekondari mnalalamikia wakaguzi. Mimi natamani mtu aje anione, kisha tukae aniambie pale uliwapoteza, pale uliwakamata.

#7 mzee_wa_darasa

Wanangu, nimestaafu. Nimesomesha chuo cha ualimu kisha chuo kikuu. Nimefurahi kuona mnazungumza bila kutukanana.

Nataka niingize jambo ambalo mnalipita. Mnasema "matokeo" kana kwamba alama ya mwisho wa muhula ni kipimo safi cha alichojifunza mtu. Mtungaji wa mtihani ni nani? Ni mhadhiri mwenyewe. Msahihishaji ni nani? Yeye yeye. Anaweza kutoa mtihani unaofanana na pasti pepa, akawaambia "someni hizi mada tano", darasa zima likapata B na A, na akasifiwa. Mwaka wa pili watoto wale wanaingia kwa mwenzake, wanakutwa hawana msingi. Sasa anayepata lawama ni huyo wa mwaka wa pili, kwamba anafelisha.

Nimeyaona haya kwa macho yangu miaka mingi, na baadaye nikakuta wachumi wawili wa Marekani, Carrell na West, wameyapima, kazi yao ikachapishwa 2010. Walitumia chuo cha jeshi la anga la Marekani kwa sababu kule wanafunzi wanagawiwa kwa bahati nasibu kwa walimu, mtaala ni mmoja na mtihani ni mmoja. Hakuna kuchagua mwalimu. Waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 10,000. Walimu wasio na uzoefu mkubwa, wanafunzi wao walipata alama nzuri zaidi kwenye kozi ile ile ya mwanzo. Walimu wazoefu, wanafunzi wao walipata pungufu kidogo pale, lakini wakafanya vizuri zaidi kwenye kozi zinazofuata zinazojengwa juu yake. Na waliopendwa zaidi na wanafunzi kwenye fomu za tathmini ni wale wa kundi la kwanza.

Kwa hiyo mkitaka kujua ufundi wa mwalimu wa hesabu ya mwaka wa kwanza, msitazame alama alizotoa yeye. Tazameni watoto wake wamefanya nini mwaka wa pili mikononi mwa mtu mwengine. Kumbukumbu zote hizo vyuo vinazo kwenye kompyuta zao. Ni kazi ya mtu mmoja mwenye bidii na wiki chache. Mimi nilipokuwa kazini nilipendekeza mara kadhaa, na sikuona ikifanyika.

Nakukumbusha na wewe skuli_ya_shamba: kipindi chako cha karafuu ni kizuri mno, lakini mwalimu yule asingekuwa anazijua karafuu, kura zile zingekuwa mchezo wa mikono tu. Mbinu bila elimu ya somo haifiki. Alijua ni jibu gani la makosa wengi wataliangukia, ndiyo maana akalichagua suali lile. Ujuzi wa namna hiyo, wa kujua mwanafunzi atateleza wapi kwenye mada hii, ndio unaomtofautisha mwalimu na msomi.

#8 msuli_usiku

Mzee shikamoo. Umenigusa. Sasa zile fomu tunazojaza mwisho wa muhula hazina kazi? Kwetu bila kuijaza huoni matokeo, kwa hiyo watu wanabonyeza 5, 5, 5 mpaka chini.

#9 mzee_wa_darasa

Marahaba mwanangu.

Zina kazi, ila si ile inayodhaniwa. Miaka ya 1980 watu walikuwa na imani nazo. Cohen alikusanya tafiti mwaka 1981 akakuta uhusiano wa 0.43 baina ya wanafunzi wanavyompa mwalimu alama na wao wanavyofaulu. Uttl na wenzake wakaurejea uchambuzi huo 2017, wakaona namba ile ilibebwa na tafiti ndogo ndogo zenye watu wachache. Walipozizingatia tafiti kubwa, uhusiano ukatoweka.

Na kabla ya hapo kuna jaribio lililochapishwa 1973. Walimchukua muigizaji, wakampa jina la Dk. Fox na sifa za msomi bingwa, akatoa mhadhara wa kuvutia, ucheshi umejaa, maudhui hayana kichwa wala miguu. Wasikilizaji walikuwa wasomi wazima, na walimpa alama za juu.

Jengine ni la Harvard, 2019, kwenye fizikia. Waliosomeshwa kwa kushughulishwa walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara laini. Kufikiri kunachosha, na aliyechoka anadhani hakuelewa. Ndiyo maana mwalimu anayeanza mbinu hizi lazima awaeleze wanafunzi mapema kwa nini anawachosha, la sivyo fomu itamuadhibu.

#10 mwani_wa_paje

Nimemaliza chuo mwaka juzi. Naongezea lile la lugha, kwani bandari_mkoani amelisema na likapitwa.

Kaka zangu na dada zangu, asilimia kubwa ya darasa letu tulikuwa hatusemi. Tukawa na mhadhiri mmoja wa takwimu, mwanamke, Mungu ambariki. Yeye alikuwa anatupa tatizo la Kiingereza, kisha anasema "jadilini kwa lugha mnayotaka, jibu mtaniandikia kwa Kiingereza". Basi! Kundi letu tulikuwa wasichana wanne, tukijadili Kiswahili mpaka tunagombana, kisha tunakaa kuitafuta sentensi ya Kiingereza kwa pamoja. Yule anayekijua zaidi anawasaidia wengine. Akipita kwenye makundi anasikiliza, hasahihishi lugha, anasahihisha fikra. Kwenye UE majibu yako yanatakiwa kwa Kiingereza, na sisi tulikuwa tumeshafanya mazoezi hayo kila wiki.

Kozi ile ilikuwa inaogopwa na watu wa mwaka wa juu. Kwetu sapu zilikuwa chache. Hakurahisisha mtihani, kwani tuliutazama na wa miaka ya nyuma, ulikuwa na ugumu ule ule.

Jambo jengine alilokuwa nalo: alikuwa anatujua. Hakuna aliyekosa vipindi viwili asiulizwe. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto mchanga, na bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) lilikuwa limechelewa, alikuwa anataka kuacha. Alimuita ofisini, wakapanga. Leo ni mwalimu. Hilo nalo mliweke kwenye ufundi, msilitoe.

#11 chaki_nyeupe

Dada mwani_wa_paje, nalichukua hilo la lugha kama lilivyo, wiki hii hii.

Maalim na mzee, nina suali la kweli. Nakubaliana na yote. Lakini darasa langu ni mia na kitu, viti vimefungwa chini, kipaza sauti kimoja, na rundo la test liko pale pale. Naanzia wapi ambapo sitakufa?

#12 skuli_ya_shamba

Anzia kwenye test, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wanapoumia zaidi na ndipo panapopona haraka.

Usisahihishe masuali yote manne kwa maelezo. Masuali mawili waachie wenyewe. Siku inayofuata test, onesha ubaoni mwongozo wa kusahihisha, wabadilishane karatasi, kila mmoja asahihishe ya mwenzake kwa kalamu nyekundu, kisha uzikusanye na uchukue chache uhakiki. Kule sekondari tunafanya na darasa la watu 80, inakwenda. Mawili yaliyobaki yasahihishe wewe kwa alama tu, lakini pembeni weka karatasi unaandika makosa yanayojirudia. Utakuta hayazidi sita au saba kwa darasa zima. Kipindi kimoja kizima uyafanyie kazi makosa hayo. Hujaandika maelezo mia, umeandika saba, na kila mtu amelipata lake.

Viti kufungwa chini si tatizo, jirani yupo kushoto na kulia. Suali moja zuri katikati ya kipindi linatosha kwa kuanzia. Usitafute matano. Suali lenyewe ulipate kwenye ile karatasi yako ya makosa, kama alivyosema mzee: jibu la makosa wanaloliangukia wengi ndilo lenye thamani.

Na hilo la kukosa mtu wa kukaa nyuma ya darasa akuone, tafuta TA mwenzako mmoja mnayeaminiana. Akae kwako kipindi kimoja, ukae kwake kimoja. Hilo halihitaji kibali cha mtu.

#13 bandari_mkoani

Na hizo fomu? Mimi mzazi siwezi kuingia darasani, ila kijana wangu anaijaza. Ajaze nini?

#14 mzee_wa_darasa

Fomu ya sasa inamuuliza mtoto kama mwalimu "ana uwezo mzuri wa kuwasilisha". Hilo ni la kupenda na kutopenda. Serikali ya wanafunzi ipeleke ombi fomu iulize mambo yaliyotokea au hayakutokea, ambayo mwanafunzi ni shahidi wake na hakuna awezaye kuyajua kuliko yeye: Test yako ulirejeshewa kabla ya mtihani wa mwisho? Makosa yake yalizungumzwa darasani? Vipindi vilivyopangwa vilifanyika vingapi? Kuna wakati ndani ya kipindi ulipewa suali ukalifanya mwenyewe au na mwenzio? Uliwahi kwenda ofisini ukapokelewa?

Tena iulizwe katikati ya muhula, wiki ya saba au ya nane, wakati mwalimu bado anaweza kubadilisha kitu kwa darasa hilo hilo. Ya mwisho wa muhula inawafaa watakaokuja, wao imeshawapita.

#15 msuli_usiku

Mimi ni CR, mwakilishi wa wanafunzi wa darasa letu. Naiandika barua ya ombi hilo leo usiku, masuali matano ya mzee kama yalivyo, naipeleka kwa mkuu wa idara Jumatatu. Mzee, naomba unipitie rasimu yake kwenye ujumbe binafsi kabla sijaipeleka.